Grafu ya Bi Harusi

Mwalimu Yustina Kobelo alipoingia dukani kwangu mara ya kwanza nilidhani amekuja kuweka tarehe ya harusi yake. Nilikwisha kufungua daftari la miadi na kushika kalamu. Mwanamke wa umri wake, aliyevaa vizuri, haingii kwa mpiga video kuuliza njia ya kwenda sokoni.

"Shikamoo, kaka Abasi."

"Marahaba, dada. Karibu kiti. Ni lini?"

"Lini nini?"

"Harusi."

Akanitazama kama mtu anayesoma swali la mtihani lililokosewa. "Mimi sina harusi," akasema. "Nataka za watu wengine."

Kabla sijaendelea niseme mimi ni nani, maana bila kamera yangu habari hii isingekuwapo, na bila kiburi changu isingekuwa na utamu. Nilifanya kazi miaka kumi na mitatu kiwandani hapa Morogoro, idara ya gundi. Soko huria lilipoingia tukaambiwa wengine tupumzike. Kiinua mgongo changu nilikipeleka Kariakoo nikarudi na kamera ya video, na mke wangu hakunisemesha siku nne. Kufikia mwaka huo ninaousimulia, 1997, alikuwa ananisemesha vizuri sana, kwa sababu hakuna harusi ya maana kutoka Kihonda hadi Bigwa iliyofungwa bila mimi. Mwenye macho aliiona kazi yangu akaijua hata bila kuambiwa jina. Najisifu, ndiyo. Asiyejisifu kwenye biashara ya harusi atakula majani.

Basi Yustina akaketi, akaweka mkoba mapajani, akaeleza. Yeye ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya kutwa ya binafsi, mojawapo ya zile zilizoota miaka ile kama uyoga. Jina la shule naliacha. Alitaka mkanda wa harusi yenye kile kipande ambacho wanawake wanamtandikia bi harusi kanga. Kila mtu hapa anakijua. Bi harusi anaingia, amesimama juu ya kanga moja. Akina mama wanatandika nyingine mbele yake, anatembea polepole mpaka anafika juu yake, anasimama. Wanaichukua ile ya nyuma, wanaizungusha kwa vigelegele, wanaitandika mbele. Anatembea tena. Hivyo hivyo mpaka jukwaani, na kama mashangazi wana nguvu safari ya hatua ishirini inaweza kula robo saa.

"Sasa kanga na fizikia vimekutana wapi?" nikamwuliza.

Akafungua mkoba, akatoa rundo la karatasi za mtihani wa kidato cha pili.

Hapo ndipo nilipoanza kumjua. Yustina ni mtoto wa Nyandira, kule Mgeta, juu kabisa ambako asubuhi unavuta pumzi unaona moshi wako mwenyewe. Baba yake alilima kabichi na njegere kwenye matuta ya mlimani. Alipokuwa msichana alibeba vikapu kushuka hadi barabarani na kupanda tena kabla ya kengele ya shule, na mwendo ule haujamtoka miguuni. Ukitembea naye mjini unajikuta unakimbia huku unajifanya unatembea. Kiswahili chake ni cha redioni, ila akikasirika sauti inapanda na kushuka Kiluguru, na wanafunzi wake wanajua hapo ni kukaa kimya. Aliniambia aliipenda fizikia tangu kidato cha kwanza kwa sababu lilikuwa somo pekee ambalo mwalimu akikosea unaweza kumwonyesha kosa lake. Alimwonyesha wa kwanza akachapwa. Alimwonyesha wa pili akapewa kitabu. Akaona hesabu zimelingana, akaendelea.

Zile karatasi zilikuwa na swali moja tu lililozungushiwa wino mwekundu. Mtu anatembea kutoka Msamvu kuelekea stesheni ya reli kwa mwendo usiobadilika, anapumzika njiani dakika tano, kisha anaendelea hadi stesheni. Chora grafu ya umbali na muda. Kati ya wanafunzi arobaini na watatu, thelathini na sita walikuwa wamechora mlima.

Sikutanii. Mstari umepanda, umefika kileleni, umeshuka. Mmoja aliweka na miti. Mwingine alisimika mnara juu, ule ulioko kilele cha Bondwa, akaandika pembeni kwamba mtu huyu amepumzika kwa sababu ya mwinuko. Kutoka Msamvu hadi stesheni, ndugu msomaji, hakuna mwinuko wa kumchosha kuku.

"Si wajinga," Yustina akasema, na nikasikia sauti inaanza kupanda. "Wameamka na Uluguru dirishani tangu wazaliwe. Mstari ukipanda kwao ni mlima, hakuna namna nyingine. Nimeeleza kwa chaki wiki sita. Chaki imeisha, mlima uko palepale."

"Si uwape swali jingine?"

"Sina wiki nyingine sita. Nina wiki mbili na nusu."

Akaniambia kwa nini. Mkuu wa shule yake, Mwalimu Charles, alikuwa ameandaa ajenda ya kikao cha bodi, na ajenda ya tatu ilikuwa kuiondoa fizikia kuanzia kidato cha tatu. Mahali pake paingie utunzaji wa vitabu vya biashara. Mkuu hakuwa mtu mbaya, Yustina mwenyewe alisema hivyo, na alikuwa mwalimu wa historia anayesifika. Alisema tu kile ambacho kila mtu alikuwa anakisema mwaka ule: nchi imefunguliwa, watoto wajifunze kuuza na kununua. Matokeo ya fizikia nayo yalimpa sababu. Na Yustina hakuwa na somo jingine la kufundisha. Fizikia ikitoka, anatoka nayo.

"Nimemwomba kipindi kimoja," akasema. "Alhamisi ya kikao, saa tatu asubuhi, yeye na mwenyekiti wa bodi wakae nyuma waangalie. Wakiona watoto wameshindwa, waiondoe, sitasema neno. Lakini hawatashindwa."

Hilo la mwisho alilisema kama mtu anayekutajia siku ya leo.

Tulianza kazi jioni ileile. Nilikuwa na deki ya vichwa vinne, ambayo ukiisimamisha picha inatulia, si kama zile za bei rahisi zinazotetemeka kama mgonjwa wa homa. Na mikanda yangu yote ina saa kwenye kona ya picha, dakika na sekunde, kwa kuwa wateja wanapenda kuona tarehe. Yustina alipoiona ile saa akapiga paja. Akabandika juu ya kioo cha televisheni kipande cha nailoni angavu, ile ya kufunikia meza, akashika kalamu ya wino mzito. Kila sekunde tatu zikipita nasimamisha picha, yeye anaweka kitone kwenye nailoni pale miguu ya bi harusi ilipo. Nikiachia, nikisimamisha, kitone. Baada ya dakika moja na nusu alikuwa na safu ya vitone kioo kizima. Vilipoachana, bi harusi alikuwa anatembea. Vilipolundikana, alikuwa amesimama anasubiri kanga. Akapima kwa rula kutoka kitone cha kwanza, akachora kwenye karatasi, muda chini, umbali juu, na mimi mwenye darasa la saba nikaona kwa macho yangu harusi imekuwa mstari.

"Mtoto akiweka vitone hivi kwa mkono wake," akasema, "hawezi tena kuniambia ni mlima. Atakuwa amemwona yuko uwanjani, chini ni vumbi tupu."

Mkanda tuliotumia ulikuwa wa Dumila. Na hapa lazima nikiri. Ule ulikuwa mkanda wangu wa kwanza kabisa, mwaka 1993, harusi ya uani, malori ya barabara ya Dodoma yanasikika kuliko kwaya. Niliiogopa kamera siku ile. Niliiweka juu ya stendi, nikaielekeza uani, nikakaa pembeni na kuomba Mungu. Vichwa vya watu warefu vimekatika. Mbuzi amepita mbele mara mbili. Yustina alipitia mikanda yangu kumi na minne, ya kumbi za maana, ya mapambo ya kitambaa cha kung'aa, akachagua huo.

"Huu ndio mzuri," akasema.

Moyoni iliniuma. Mwenyekiti wa bodi yao alikuwa Mzee Severini, fundi mitambo mstaafu wa mashamba ya miwa, mwenye binti wanne ambao hawajaolewa. Binti wanne! Na mara ya kwanza aione kazi ya Abasi Kondo, aone mbuzi?

Basi asubuhi ya Alhamisi, nilipokuwa napakia televisheni kwenye mkokoteni na kuifunika kanga isipate vumbi, nikauacha mkanda wa Dumila kabatini. Nikachukua wa Mazimbu. Ulikuwa na kanga vilevile, saa ipo konani vilevile, ila ulikuwa kazi ya mtu aliyekomaa. Ukumbi umepambwa, taa zinawaka, na mimi natembea ubavuni mwa bi harusi hatua kwa hatua, kamera begani, bila kumwacha hata nukta moja. Nilijiambia kanga ni kanga. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hakuchelewa kuzaliwa.

Darasa lilikuwa limejaa. Madirisha yameangikwa magunia ili kioo kionekane. Mwalimu Charles alikaa nyuma, shati jeupe, karatasi ya ajenda imekunjwa mfukoni. Pembeni yake Mzee Severini, koti juu ya shati la kitenge, mikono juu ya fimbo. Wanafunzi walinisalimu kwa pamoja, shikamoo iliyotikisa mabati, nikaitika nikajiona mtu. Nikawasha mitambo. Ukumbi wa Mazimbu ulipotokea darasa zima likaguna kwa kupendezwa, na mzee akainua kidevu. Yustina alinitupia jicho mara moja. Akamwita msichana wa mbele, Mercy, mtoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, akampa kalamu mbele ya ile nailoni aliyokwisha kuibandika kiooni.

"Kila nikisema weka, weka kitone kwenye miguu ya bi harusi."

Nikaachia. Nikasimamisha.

"Weka."

Nikaachia. Nikasimamisha.

"Weka."

Kitone cha pili kikaangukia juu ya cha kwanza. Cha tatu juu ya cha pili. Kufikia cha saba, Mercy alikuwa amekoleza doa moja katikati ya kioo kama nzi aliyekufa, na watoto wakaanza kucheka. Mimi nilikuwa nimeelewa tangu cha tatu. Nilimfuata bi harusi kwa ufundi mkubwa mno. Kila alipokwenda nilikwenda naye, na katika picha yangu nzuri mwanamke yule hakusogea hata unyayo. Nikashika kona ya meza.

"Kwa vitone hivi," Mwalimu Charles akasema kutoka nyuma, bila ubaya, karibu kwa huruma, "huyu bi harusi hajatoka mlangoni."

Nikamsogelea Yustina nikamnong'oneza: "Mwalimu, mkanda si ule. Nimebadilisha mimi. Nisamehe."

"Najua," akajibu chinichini. "Dumila hapakuwa na mapambo."

Nilingoja sauti yake ipande Kiluguru. Haikupanda. Alisimama mbele ya televisheni, mikono nyuma, anaitazama picha niliyoisimamisha kama mtu anayeangalia sufuria ajue inavujia wapi. Ilipita muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ndoa yangu. Kisha akaligeukia darasa.

"Bi harusi ametembea, au hajatembea?"

"Ametembea!"

"Vitone vinasema hajatembea. Nani mwongo, nyinyi au vitone?"

Macho ya watoto yakaenda kwenye kioo, yakarudi kwake.

"Ametembea," akarudia polepole. "Mmejuaje?"

Mvulana wa nyuma, Thobias, mcheshi wa darasa, hakuweza kujizuia. "Mwalimu, hapo wanaotembea ni kanga. Zinamkimbia chini ya miguu."

Darasa likacheka. Yustina hakucheka. "Sema tena, Thobias. Kwa sauti."

Thobias akasimama, hana uhakika kama ameharibu au ametengeneza. "Nimesema kanga zinarudi nyuma, mwalimu. Yeye yuko katikati tu."

"Kanga zimelala sakafuni. Zinaweza kurudi nyuma?"

"Haziwezi. Basi..." Akakuna kichwa. "Basi ni kamera. Mpiga picha alikuwa anatembea naye."

Watu themanini na kitu, nikihesabu macho na si vichwa, wakanigeukia. Nikainua mkono kama mshtakiwa. "Ni kweli," nikasema. "Nilitembea naye."

"Vizuri," Yustina akasema, na sasa alianza kutembea mbele ya ubao kwa ule mwendo wake wa Nyandira. "Kioo hakitusaidii kitu, kioo kilikuwa safarini. Tutapima kwa kitu ambacho hakikwenda popote. Kanga imetulia sakafuni. Haya, kanga moja ina urefu gani?"

Watoto wa kike wakaanza kubishana. Wengine wakanyoosha mikono kupima hewani. Yustina akaichomoa ile kanga niliyofunikia televisheni, akaitandaza juu ya madawati mawili, akampa Mercy rula ya mita. Mercy akapima kutoka pindo hadi pindo akasema ni mita moja na sentimita hamsini na mbili.

"Tuite moja na nusu. Rudisha mkanda, kaka Abasi. Hatuweki vitone. Safari hii tunahesabu nguo."

Nikarudisha. Moja ya kanga zile mbili ilikuwa nyekundu na nyingine kijani, kwa hiyo hata mtoto mdogo asingepotea. Kila sekunde tatu nasimamisha, darasa zima linapiga kelele bi harusi yuko wapi. Katikati ya nyekundu. Pindo la mbele la nyekundu. Palepale. Palepale. Katikati ya kijani. Mercy anaandika kwenye jedwali ubaoni, Thobias amesogea mbele bila kuitwa anasoma sekunde za konani. Bi harusi alipofika kanga ya tatu mashangazi walikosana nani aitandike inayofuata, wakamsimamisha sekunde kumi na tano nzima, na darasa likawa linaitikia "palepale" kama kibwagizo cha ngoma. Nilimwona Mzee Severini midomo yake inacheza. Alikuwa anaitikia naye.

Kisha Yustina akawapa chaki. Hakuchora yeye. Walipanda ubaoni mmoja mmoja, kila mtu nukta yake, muda chini, umbali juu. Wakaunganisha. Mstari ukapanda, ukalala, ukapanda, ukalala, ukapanda, ukalala muda mrefu pale kwenye ugomvi wa mashangazi, ukapanda tena. Chaki iliyokuwa imeshindwa wiki sita ilikuwa inafanya kazi, na nilifurahi kama vile mimi ndiye niliyepanga iwe hivyo, nyani haoni kundule.

Mwalimu Charles alikuwa amesimama. Alikuja mbele taratibu, mikono mfukoni, akaukaribia ubao. Nakumbuka uso wake vizuri. Haukuwa uso wa mtu anayetega. Ulikuwa wa mtu aliyeona wenzake wanakula akataka kuonja.

"Nimeipenda hii," akasema. Akaweka kidole kwenye ule mstari mrefu uliolala. "Hapa amefika ngazi ya tatu, sasa yuko juu zaidi. Lakini nauliza, Mwalimu Yustina. Ule ukumbi wa Mazimbu nimeshaingia. Hizi ngazi ziko upande gani?"

Hakuna aliyecheka. Watoto wetu wamelelewa, mkuu wa shule hachekwi usoni. Lakini nilimwona Thobias ameuma mdomo, na mimi mwenyewe nikatazama nyaya zangu. Yustina akaliachia darasa swali. Alirudi nyuma hatua mbili mpaka akagusa ukuta, na mkono wa Mercy ukapanda.

"Mercy."

Mercy akasimama, akaweka mikono nyuma. "Samahani, mwalimu mkuu. Hakuna ngazi. Sakafu ni tambarare."

"Lakini mstari umepanda."

"Umepanda kwa sababu ametoka mbali zaidi na mlango, mwalimu. Si kwa sababu ametoka chini. Tungemchora anayepanda Bondwa au anayetoka Msamvu, mstari ungepanda vilevile." Akasita, akamtazama Yustina, hakupata msaada, akaendelea. "Na hapo uliposhika, hapo hajafika kokote. Amesimama anasubiri kanga. Kilichotembea hapo ni saa tu."

Mwalimu Charles aliuangalia ubao. Kidole chake kikaanza kwenda, kutoka mwanzo, kikapanda na mstari, kikalala nao, na midomo yake ikawa inasema kitu bila sauti, naapa alikuwa anahesabu kanga.

"Charles," Mzee Severini akaita kutoka nyuma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu aitikie shikamoo. Aliuliza kwa upole, kama unavyomwuliza kijana wako kama amekula. "Wewe fizikia ulisoma mpaka wapi?"

"Kidato cha pili, mzee."

"Ukaiacha?"

"Hapana. Nilikuwa naipenda. Iliondolewa shuleni kwetu. Walisema nchi inahitaji kilimo zaidi."

Alisema hivyo akiwa bado ameupa ubao uso wake na sisi mgongo. Kisha nikaona mabega yake yakisimama. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Aligeuka polepole akawatazama watoto wale arobaini na watatu wa kidato cha pili, mstari kwa mstari, na wao wakamtazama, chaki mikononi.

Akachomoa karatasi mfukoni. Akaikunjua juu ya dawati la mbele.

"Mercy, niazime kalamu."

Akakata mstari mmoja kwa mlalo, kwa mkono uliotulia, akampelekea Mzee Severini. Mzee akasoma, akatikisa kichwa kukubali, akaikunja na kuiweka ndani ya koti. Sikuhitaji kuambiwa ni ajenda ya ngapi. Nilimtazama Yustina. Bado alikuwa ameegemea ukuta, hakutabasamu, ila kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyefika juu Nyandira na kikapu kichwani.

Mwalimu Charles hakurudi kwenye kiti chake cha nyuma. Mercy alimsogezea nafasi, akajibana naye kwenye dawati la mbele, magoti yamegota chini ya mbao.

"Mwalimu Yustina," akasema, "naomba turudie tangu mlangoni. Polepole kidogo."

Yustina akaniashiria, nikaurudisha mkanda hadi mwanzo.